Kukata nyasi za wateja wakati wa mvua: mwongozo kamili

Mvua ikishika siku tatu mfululizo, nyasi hazilali. Zinapanda usiku na mchana, simu za wateja zinaanza kuita, na kazi ya wiki nzima inabanwa kwenye siku mbili. Anayejikatia nyasi za nyumbani kwake anaweza kungoja jua. Wewe unayelipwa, ukingoja mpaka kila bustani ikauke kabisa, utakuta kazi imekuwa mara mbili: nyasi ndefu, mashine inakabwa kila hatua tano, na mteja ameshamwita mtu mwingine.

Kwa hiyo nyasi zilizolowa zitakatwa, hilo halina ubishi. Swali la fundi ni jingine: ardhi iliyo chini yake itaibeba mashine, au haitaibeba? Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa natazama majani tu. Yakimeremeta maji, naahirisha. Yakionekana makavu, nawasha injini. Nilikuwa nakosea pande zote mbili. Nyasi zenye umande juu ya udongo mkavu ni kazi ya kawaida, usumbufu wake ni mdogo. Nyasi zilizopigwa na upepo zikakauka juu, huku udongo chini umeshiba maji, hizo ndizo zinazomharibia mtu jina. Jani lililokatwa vibaya linapona baada ya wiki moja au mbili. Udongo ulioshindiliwa unaweza kukaa hivyo msimu mzima.

1. Kanyaga kabla ya kushusha mashine

Ingia kwenye bustani mikono mitupu, buti miguuni, mashine ikiwa bado juu ya gari. Anzia pale pabaya kuliko pote: chini ya mteremko, karibu na bomba linaloshusha maji ya paa, upande ambao jengo linautia kivuli, au mahali ambapo magari yamezoea kukatiza. Weka uzito wako wote kwenye kisigino kimoja, hesabu hadi tano, halafu inua mguu uangalie.

Nyasi zikiinuka zenyewe na alama ikipotea, mashine yoyote itapita. Alama ikibaki lakini haina maji ndani, pitisha mashine ya kusukuma tu. Ile ya kupanda, unayoiendesha ukiwa umeikalia, ibaki garini. Kishimo cha kisigino kikijaa maji, au maji yakichuruzika pembeni mwa soli wakati bado umekanyaga, hapo pasipite gurudumu la aina yoyote. Usibishane na ardhi. Weka alama ya kijiti na uendelee kutembea.

Kipimo cha pili ni bisibisi ndefu. Ichomeke kwa mkono mmoja. Ikizama mpaka kwenye mpini bila kusukumwa, tabaka la juu lote limelainika. Kipimo cha tatu ninakitumia pale ninaposhindwa kuamua: nachimbua udongo kidogo kwenye ukingo wa bustani na kuuviringisha kati ya viganja. Ukikatikakatika, una nafuu. Ukifinyangika ukawa kijiti chembamba kuliko penseli bila kuvunjika, basi na chini ya tairi utafinyangika vilevile.

Sababu yake ni rahisi. Udongo wenye afya si kitu kilichojaa. Karibu nusu ya ujazo wake ni matundu yanayobeba hewa na maji. Udongo ukiwa mkavu, chembe zake zinakwaruzana na kushikana, ndiyo maana unastahimili uzito. Maji yakiingia katikati yanafanya kazi ya grisi. Tairi likipita, chembe zinateleza na kusogeleana, matundu yanazibika, na mizizi inabaki bila hewa. Udongo wa kichanga unajitoa maji ya ziada kwa siku moja hivi baada ya mvua kubwa. Wa mfinyanzi unaweza kutaka siku mbili au tatu. Ukishajua bustani za wateja wako ni za udongo gani, nusu ya maamuzi ya msimu wa mvua umeshayamaliza.

Angalia na uzito wa mashine yenyewe. Ya kusukuma ina kilo 30 hadi 45. Ya kupanda inaanzia kilo mia mbili kwenda juu, na zile kubwa za kibiashara zinapita nusu tani kabla hata hujakaa kwenye kiti. Nilijifunza hili kwenye kona moja ya bustani karibu na geti. Nilikuwa juu ya mashine ya kupanda, aina inayoongozwa kwa mikono miwili badala ya usukani, nikageuka papo hapo kama nilivyozoea kiangazi. Gurudumu la ndani lilisimama, likajisokota mahali pamoja, na zulia zima la nyasi likafunuka na mizizi yake, mviringo wa upana wa sinia. Mwenye nyumba alikuwa barazani. Akashuka taratibu, akapatazama, akaniuliza kwa upole: “Kijana, na hii imo kwenye bei?” Sikuwa na jibu. Kupafukia na kupapanda upya kulinila pesa nyingi kuliko malipo ya siku ile.

2. Panga siku kwa kufuata udongo, si ramani

Kiangazi tunapanga wateja kwa ukaribu wa nyumba zao ili kuokoa mafuta. Wakati wa mvua mpangilio huo weka kando. Asubuhi anza na bustani zilizo juu, za udongo wa kichanga, zinazopigwa na jua mapema na kupata upepo. Za mfinyanzi na za kivulini zipe saa za alasiri. Bustani yenye ugonjwa iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kama tatizo ni umande tu, usiungoje. Watu wawili washike ncha za mpira mrefu wa kumwagilia, kila mmoja upande wake, waukokote juu ya nyasi kutoka mwisho hadi mwisho. Matone yanaanguka chini, majani yanasimama, na baada ya nusu saa kuna tofauti kubwa. Ukiwa peke yako, mashine ya kupuliza majani inafanya kazi hiyohiyo. Wanaotunza viwanja vya gofu hupiga umande kwa ufito mrefu unaonesa, wakiuchezesha kushoto na kulia huku wanatembea. Baada ya mvua yenyewe njia hizi zinasaidia juu tu; udongo hauupulizi ukakauka.

Manyunyu mepesi hayasimamishi kazi. Radi inasimamisha. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo ifike. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilometa kumi hivi. Zima mashine, ingia ndani ya jengo au ndani ya gari lenye paa la bati, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mti si mahali pa kujisitiri. Na usiseme “namalizia mstari huu tu”.

3. Iandae mashine kwa nyasi nzito

Jani lililolowa lina uzito wa maji juu yake, kwa hiyo linalala. Kisu butu kinalipiga, linapinda, kinapita; au kinalichana likabaki na ncha yenye nyuzinyuzi ambayo kesho yake inageuka rangi ya kahawia. Ndiyo maana jambo la kwanza ni makali. Kiangazi kisu cha mtu wa kazi kinanolewa kila baada ya saa nane hadi kumi za kukata. Wakati wa mvua mimi nabadilisha kila asubuhi, na natembea na seti ya pili iliyokwisha kunolewa. Fuata pembe ya kiwandani, ambayo kwa visu vingi ni nyuzi 30 hivi. Ukimaliza, tundika kisu kwenye msumari ukutani kupitia tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito. Upunguze kwa tupa mpaka kisu kitulie bapa. Kisicho na mizania kinatetemesha mashine na kula beringi.

Kama mashine yako inakubali aina zaidi ya moja ya kisu, tumia kile chenye mabawa yaliyoinuka sana kwa nyuma. Mabawa hayo ndiyo yanayotengeneza upepo unaoyasimamisha majani kabla ya kukatwa na kuyatupa nje baada ya kukatwa. Kizibo cha kusagia nyasi, kile kinachofunga mdomo wa kutolea, king'oe. Kusaga nyasi mpaka ziwe unga ni jambo zuri kiangazi; zikiwa na maji zinazunguka ndani, zinageuka ugiligili na kushika kila mahali. Acha zitoke kwa ubavuni. Ukilazimika kutumia mfuko wa kukusanyia, ujue utaumwaga ukiwa nusu, maana uzito wake hauvumiliki na ukijaa mdomo unaziba.

Sehemu ya chini ya deki, yaani kile kifuniko kinachozunguka kisu, ikwangue ikiwa kavu, jana yake, halafu ipulizie dawa ya silikoni. Haizuii nyasi kushika, inazichelewesha, na hiyo inatosha. Wapo wanaopaka oili chafu ya injini. Usithubutu: ikidondoka inaunguza nyasi kwa madoa, na utakuwa umeandika saini yako kwenye bustani ya mtu.

Kimo cha kukata kipandishe tundu moja au mawili juu ya kawaida. Ile kanuni ya kutokata zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja ina nguvu zaidi sasa kuliko wakati wowote, kwa sababu kila sentimita unayoongeza ni mzigo wa majani mabichi unaopita kwenye mdomo uleule. Nyasi za sentimita 9 zishushe hadi 6. Zikiwa zimefika 15, kata hadi 10, rudi baada ya siku tatu au nne, kata hadi 7. Kumwambia mteja kwamba utakuja mara mbili ni afadhali kuliko kumwachia nyasi za manjano zilizonyolewa hadi shina.

Tairi nazo zitazame. Mifereji ya tairi ikijaa tope, tairi limekuwa laini kama mpira wa kuchezea; likwangue kila unapohama bustani. Upepo wa tairi uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, na kama kitabu kinatoa kiwango cha chini na cha juu, kaa kwenye cha chini ili uzito usambae.

Kuhusu umeme niseme kwa ufupi. Mashine ya waya haitumiki kwenye nyasi zenye maji, hata kama waya umepita kwenye kikata umeme cha miliampia 30. Kifaa hicho kimewekwa kwa ajili ya ajali, hakikupi ruhusa. Mashine ya betri soma kitabu chake, kwa kuwa nyingi zimekatazwa kuachwa mvuani, na jiandae kwa chaji kuisha mapema kwani nyasi nzito zinaichosha mota. Ya petroli adui yake ni maji kwenye tangi: jaza mafuta chini ya paa au ndani ya gari, na kifuniko cha galoni kisikae wazi. Injini ikikohoa na kuzimika bila sababu, mwaga kikombe cha kabureta kabla ya kulaumu plagi. Chujio la hewa likilowa injini inakosa pumzi. Weka jingine kavu kwenye mfuko wa nailoni.

4. Kata polepole, injini ikiwa juu

Watu wengi wakiona mashine inalemewa wanapunguza moto wa injini. Ni kinyume. Injini iwe juu kabisa, miguu ndiyo ipunguze. Tembea nusu ya mwendo wako wa kawaida, na kila mstari ufunike theluthi moja hadi nusu ya mstari uliotangulia. Kisu kinapata majani machache kwa kila mzunguko, na upepo wa deki unapata nafasi ya kuyatoa.

Nyasi zinazorushwa zielekee upande uliokwisha kukatwa. Ukizirushia upande ambao bado, utazikata mara ya pili zikiwa zimelala juu ya nyasi nyingine zilizolowa, na hapo ndipo mashine inapokabwa. Kabla ya kuwasha, simama uangalie mdomo wa mashine uko upande gani, kisha chagua pa kuanzia na mwelekeo wa kuzunguka. Sekunde kumi za kufikiri zinaokoa nusu saa.

Chagua mistari mirefu, kona chache. Geuzia kwenye saruji, kwenye kokoto, kwenye njia ya gari, popote pagumu. Pasipo pagumu, usigeuke papo hapo: enda mbele kidogo kwa kupinda, rudi nyuma kwa kupinda upande wa pili, halafu enda mbele tena, ili kila gurudumu liwe linazunguka muda wote. Gurudumu lililosimama huku mashine inageuka ndilo linalochuna nyasi. Na mwelekeo wa mistari ubadilishe kila unapokuja, kama wiki iliyopita ulikata kwa urefu wa bustani, leo kata kwa upana. Njia ileile ya tairi mara tatu kwenye udongo laini inakuwa mfereji.

Zile sehemu ulizoziwekea vijiti, zirudie mwishoni kwa mashine ya begani yenye uzi. Uzito wake uko mwilini mwako, ardhi inabeba miguu miwili tu. Shikilia kichwa chake kikiwa sambamba na ardhi, kimo kilekile ulichokata pengine, na uchezeshe kiuno badala ya mikono. Haitatoka sawasawa kama ya mashine ya magurudumu, lakini mteja haoni tofauti hiyo akiwa barazani. Mifereji ya tairi anaiona. Ukilazimika kuvuka sehemu laini ili kufika upande wa pili, tandika mbao bapa mbili na upitishe mashine juu yake kisu kikiwa kimezimwa.

Zaidi ya yote, sikiliza. Mashine inayofanya kazi vizuri kwenye nyasi mbichi ina sauti nzito lakini moja. Ikianza kuzama, ikipanda, ikizama, tayari nyasi zimeanza kujenga ukuta ndani ya deki. Tazama mdomoni: majani yaliyokuwa yanaruka kama mvua yanaanza kudondoka kwa mabonge, kila bonge saizi ya ngumi, limekandamizwa, linatoa maji ya kijani. Ukifika hapo umeshachelewa kidogo. Simama.

5. Kuzibua bila kupoteza vidole

Sehemu hii isome hata kama nyingine umeziruka. Achia mpini injini izime. Ngoja kisu kisimame chenyewe, usikisie, ngoja. Chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi. Kwa mashine ya kupanda: kata mzunguko wa visu, funga breki ya kuegesha, zima, ufunguo uingie mfukoni mwako. Baada ya hapo ndipo unapoinamisha mashine, upande wa kabureta na chujio la hewa ukitazama juu, la sivyo oili itaingia kwenye chujio na mafuta yatamwagika.

Kwangua kwa kijiti au kibao. Mkono usiingie, hata ukiwa na glavu, hata kama bonge unaliona lipo pembeni tu. Kuzungusha kisu kwa mkono ni kuzungusha injini, na injini yenye plagi iliyounganishwa inaweza kushika. Hata waya ukiwa nje, mgandamizo uliobaki ndani ya silinda unaweza kukisukuma kisu robo mzunguko ghafla pale bonge linapoachia. Kisu cha sentimita 53 kikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, ncha yake inakimbia karibu kilometa 300 kwa saa. Robo mzunguko wa taratibu si kitu mbele ya hiyo, lakini makali ni yaleyale uliyoyanoa asubuhi.

Kwa wastani wa nyasi ndefu na mbichi, nazibua kila baada ya dakika kumi na tano bila kungoja sauti ibadilike. Inaonekana ni kupoteza muda. Kuzibua deki iliyojaa kabisa kunachukua muda zaidi.

6. Mteremko

Mashine ya kusukuma inakata kwa kukingama mteremko, ili ukiteleza usiangukie chini yake wala isikuangukie. Ya kupanda inapanda na kushuka moja kwa moja, kwa kuwa ikikingama inaweza kupinduka. Vitabu vingi vya mashine za kupanda vinaweka kikomo cha nyuzi 15, na hicho ni cha nyasi kavu. Mimi kwenye nyasi zilizolowa sipandi zaidi ya nyuzi kumi.

Kupima si lazima uwe na kifaa. Chukua fimbo iliyonyooka ya mita moja, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ilaze mpaka iwe sawa kabisa (chupa yenye maji nusu ikilazwa juu yake inakuonyesha), halafu pima pengo lililo chini ya ncha ya pili. Sentimita 27 ni nyuzi 15. Sentimita 18 ni kumi hivi.

Zile mashine za mikono miwili zina hatari yake ya pekee. Magurudumu yao ya mbele hayaongozi chochote, yanafuata tu. Usukani wote uko kwenye yale mawili ya nyuma. Ya nyuma yakiteleza wakati unashuka, huna breki na huna usukani. Acha nafasi ya upana wa mashine mbili kati yako na bwawa, mtaro au ukuta wa kuzuia udongo, na ukanda huo umalizie kwa mashine ya begani. Kama mashine ina nguzo ya kinga ya kupinduka, nguzo hiyo iwe imesimamishwa wima na mkanda umefungwa.

Na usivute mashine ya kusukuma kurudi kwako ukiwa kwenye mteremko wenye maji. Mguu unaoteleza unakwenda mbele, na mbele kuna deki.

7. Mabaki

Kazi ya mvua inahukumiwa kwa kilichobaki juu ya nyasi. Mabonge yakilala siku mbili yanaziba mwanga na hewa, na ukiyainua utakuta duara la manjano. Lakini si kila kilichokatwa kiondolewe. Nyasi zilizokatwa zina naitrojeni, asilimia nne hivi ya uzito wake zikiwa kavu, na zikisambaa kwa wembamba zinairudisha kwenye udongo. Kigezo changu: nikisimama wima na kutazama chini, nikiona nyasi hai zikichungulia kila mahali, naacha. Nikiona kifuniko, natawanya.

Kutawanya kuna njia tatu. Kama ardhi inabeba, ngoja saa moja au mbili juu pakauke, pita mara ya pili kwa kukingama mistari ya kwanza, kimo kilekile. Kama haibebi, tumia mashine ya kupuliza. Mabonge mazito yaliyoshikana ni kazi ya reki yenye meno yanayonesa, shika kwa wepesi usije ukang'oa na nyasi hai.

Njia za saruji na ngazi zifagie kabla hujaondoka. Majani mabichi yakikanyagwa yanateleza vibaya, na yakikauka hapo yanaacha doa la kijani. Yasiishie kwenye mtaro wa maji ya mvua. Yanaziba, na yakioza yanarutubisha mwani huko yanakokwenda. Rundo la nyasi zenye maji linapata moto ndani na kuanza kunuka baada ya siku mbili tu, kwa hiyo lichanganye na majani makavu, na magunia yasilale kwenye gari.

8. Ugonjwa

Hapa ndipo ninapokataa kazi. Asubuhi ukikuta utando mweupe kama wa buibui juu ya nyasi, au mabaka ya kahawia yenye ukingo mweusi unaoonekana kama umepakwa mafuta, hiyo ni kuvu au kimelea kinachofanana nayo kikiwa kazini, na maji juu ya jani ndiyo njia yake. Pythium, kwa mfano, kimelea kinachofanana na kuvu na kuozesha nyasi, huweza kufuata njia ya magurudumu ikatokeza kama michirizi. Ukikata bustani hiyo ikiwa imelowa unaisambaza mwenyewe, na kisu kilekile kinaipeleka kwa mteja anayefuata. Ngoja majani yakauke, iwe ya mwisho kwenye ratiba, kisha osha deki, magurudumu na buti, upulizie dawa ya kuua vimelea kabla ya kurudisha mashine kwenye gari.

9. Mteja

Mwandikie jioni kabla ya siku ya kazi, usingoje akupigie. Mkataba uwe na sentensi inayosema kwamba siku inaweza kusogezwa kwa sababu ya hali ya ardhi, nani anaamua (wewe), na kwamba nyasi zikipita kimo fulani kazi inahesabiwa mara mbili. Ukikataa kukata, mwonyeshe. Mama mmoja aliniuliza mbona jirani yake anakatiwa na yeye sikati. Nikamwomba asimame nami chini ya mteremko wake, nikakanyaga, nikainua mguu. Kishimo kikajaa maji mbele ya macho yake. “Basi njoo Alhamisi,” akasema. Tangu hapo huwa anakanyaga mwenyewe kabla ya kunipigia.

10. Jioni, na kurekebisha ulichoharibu

Kwangua deki kabla nyasi hazijakauka zikawa kama saruji. Suuza kwa maji ya kawaida injini ikiwa imepoa. Maji ya shinikizo yanapenya kwenye beringi za visu na kusukuma grisi nje. Kisha rudisha waya wa plagi, washa, zungusha kisu dakika moja kitupe maji, zima. Pakaza grisi palipo na chuchu za grisi, futa makali kwa kitambaa chenye mafuta kidogo yasishike kutu, na mashine ilale chini ya paa isiwe imefunikwa turubai linalofungia unyevu.

Kama umeacha alama za tairi, usizifukie siku hiyohiyo na wala usizipitishie rola kuzisawazisha. Ardhi ikiwa laini rola linashindilia zaidi. Ngoja mpaka udongo uwe na unyevu wa kawaida. Chomeka uma wa bustani kando ya mfereji, uelekeze chini ya sehemu iliyodidimia, na uinue polepole mpaka usawa urudi, ukisonga sentimita kumi kumi. Panapobaki pengo, jaza mchanganyiko wa mchanga na udongo mzuri, panda mbegu au vipande vya nyasi ileile, kandamiza kwa soli tu. Mashine ya kupanda isirudi hapo mpaka nyasi mpya ziwe zimekatwa mara mbili au tatu kwa ile ya kusukuma.